Samadi ya Ndama

Othman Abdillah alikaa kwenye kiti cha mahojiano ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, na utulivu ule ulimkera Inspekta Adelgunda kuliko matusi. Matusi alikuwa ameyazoea. Mtu akitukana, jua ana jambo linalomwasha. Mtu akitulia, ama ni mhalifu aliyekubuhu ama hana hatia, na hilo la pili Adelgunda hakutaka hata kulisikia asubuhi ile.

Aliweka chupa mezani. Ilikuwa ya kioo cha kahawia, tupu, bado ina udongo mwekundu shingoni.

"Tuanze upya, Bwana Othman. Hii unaijua?"

"Naijua, Afande. OTC. Dawa ya sindano, ya ng'ombe na mbuzi."

"Kibandiko hiki cha duka la nani?"

"La kwangu. Hata mwandiko ni wangu, sikatai."

"Uliiuza kwa nani?"

Othman akaitazama kofia yake aliyokuwa ameipakata.

"Kesho asubuhi jalada lako linakwenda mahakamani," Adelgunda alisema. "Ukifika kule na mdomo uliofungwa, leseni inaondoka na duka halifunguliwi tena. Kitu gani hicho kinachoshinda duka la baba yako?"

"Nilitoa neno langu, Afande."

"Kwa nani?"

"Nikikwambia kwa nani, si nitakuwa nimeshalivunja?"

Hapo ndipo walipokwama tangu alipomkamata, na hapo ndipo walipokwama tena.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa miaka mingi wafugaji wa Karagwe na Kyerwa walijichomea ng'ombe wao OTC bila kumuuliza mtu, ng'ombe akikohoa sindano, akichechemea sindano, mpaka vijidudu vikaizoea dawa jinsi mlevi anavyoizoea rubisi. Na mavi ya ng'ombe aliyechomwa hayapotei. Yanapelekwa kibanjani, yanawekwa kwenye mashina ya migomba, na mle udongoni vijidudu vingine navyo vinapata shule. Ndipo akaja Daktari Salwa na mradi wake, ana dawa mpya inayotibu ugonjwa wa kiwele lakini ikishatoka na mavi inavunjikavunjika yenyewe, isibaki kitu cha kuufundisha udongo ukaidi. Wakaanza kuijaribu kijijini Chonyonyo, kwa ng'ombe wa wale walioangukiwa na kura. Mmoja wao alikuwa Celestin, kibarua wa mashamba ya kahawa mwenye ng'ombe mmoja tu.

Halafu samadi ya Celestin ikapimwa, ikakutwa imejaa OTC.

Celestin aliapa hajawahi kushika sindano. Wafadhili wa mradi wakasema ama dawa mpya haitibu na Celestin karudia sindano kwa siri, ama kuna mkono wa mtu, na wakataka jibu kabla hawajaondoka. Katika mfereji chini ya kibanja cha Celestin ikaokotwa chupa yenye kibandiko cha Othman. Na Othman huyo huyo alikuwa amesimama mkutanoni, mbele ya kila mtu, akasema dawa hiyo ya bure itamfungia duka. Adelgunda akaunganisha hiki na kile. Akamfuata dukani Kayanga siku ya gulio, akamtia pingu mbele ya wateja, na kwa kuwa gari la kituo halikuwa na mafuta, akamtembeza kwa miguu kupitia stendi. Watu walipiga picha. Picha zile zilikuwa zimeshafika Bukoba kabla wao hawajafika kituoni.

Alipotoka chumba cha mahojiano alimkuta Shufaa, mke wa Othman, amekaa kwenye benchi la nje na chakula alichofunga kwenye kitambaa. Shufaa alisimama akamwamkia kwa adabu zote, lakini macho hakuyainua. Zamani mwanamke yule alikuwa akimwita Adelgunda dukani ampe embe. Adelgunda aliitikia huku akipita haraka, na hatua zile za haraka zilimwudhi mwenyewe.

*

Maabara ya Daktari Salwa ilikuwa chumba cha kupanga huko Kihanga, kina meza mbili na jokofu linalonguruma. Salwa mwenyewe alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Kayanga, mwembamba, mwenye ushungi wa kijivu na usingizi mdogo machoni.

"Daktari, nieleze kama unavyomweleza mtu aliyefeli sayansi," Adelgunda alisema.

"Ulifeli?"

"Vibaya. OTC mmeikuta wapi hasa?"

"Kwenye lundo la samadi la Celestin. Na kwenye udongo wa migomba iliyowekewa samadi hiyo."

"Kwenye damu ya ng'ombe wake?"

"Hapana."

"Kwenye maziwa yake?"

"Hapana. Maziwa yake tunayachukua yote kwa vipimo tangu tulipoanza matibabu, hayajawahi kuwa na OTC hata chembe. Ndiyo maana tukasema labda alichomwa kabla yetu, ikaisha mwilini, ikabaki lundoni."

"Lundo mlilipima kabla ya kuanza?"

"Tulilipima. Lilikuwa safi."

Adelgunda akakaa. Kazi ilikuwa imemfunza kwamba nyumba ikivunjwa, swali la kwanza si nani mwizi, ni nani mwingine analala mle ndani. Swali hilo alikuwa amewauliza watu wengi katika kesi nyingi. Kwa nini hakuliuliza safari hii, hakujua, au alijua na hakupenda kulijua.

"Lile lundo lina mavi ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Yupi?"

Salwa, aliyekuwa akifuta meza, akaacha kufuta. "Wa majaribio. Na ndama wake. Wanafagia banda lote, wanatupa pamoja."

"Na nyinyi mkachota pamoja."

"Tukachota pamoja," Salwa alisema taratibu. Uso ulimwiva. "Ya Rabi. Ndama hatukumpima. Ndama hayumo kwenye jaribio."

"Basi leo atakuwemo," Adelgunda alisema, na wote wawili wakaenda kumwita dereva wa gari la mradi.

*

Chonyonyo ndiko alikozaliwa Adelgunda. Babu zake walivuka mto Kagera na ng'ombe wao, wakapewa ardhi pale, wakazikwa pale. Nyumba ya baba yake, Mzee Ildefonsi, ilikuwa mlimani juu kidogo ya kwa Celestin, na kibanja kimoja kilianzia pale kingine kilipoishia. Mzee huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, na ndiye aliyesimama wa kwanza mkutanoni kuwaambia watu waachane na sindano za kujichomea. Alipoanza upelelezi, Adelgunda alikuwa amempigia simu kumuuliza kama kuna mtu kijijini bado ananunua OTC. "Hapa kwetu?" Mzee alijibu. "Hakuna." Adelgunda akalikubali jibu hilo, akafunga ukurasa.

Waliposhuka garini mzee alikuwa ameshateremka, amevaa buti za mpira na koti lake la kwenda kanisani.

"Mmerudi tena?" alisema. "Si mmeshamkamata mtu wenu?"

"Kuna kitu tunakirudia, Baba."

"Rudieni. Mwenyekiti yupo, hakuna kitakachoharibika."

Celestin alisimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya polisi hata hayo machache yalimkimbia. Mama yake, Bibi Nyirabageni, alikuwa kizingitini akichambua maharage, macho yake hayakubanduka kwenye gari.

Salwa alivaa glavu. Akachukua mavi mabichi nyuma ya ng'ombe, akayatia kwenye kikopo kimoja. Kisha akainama kwenye kizizi cha ndama kilichokuwa pembeni.

"Na huko mnatafuta nini?" Mzee Ildefonsi aliuliza.

"Mavi ya ndama, Mzee."

"Ndama? Ndama ana nini?"

"Bado hatujui."

Mzee akakohoa. Akasema ng'ombe wake alikuwa hajafungwa vizuri, asije akaingia kwenye maharage ya watu, akapanda mlima bila kuaga. Adelgunda alimwona akienda. Alijiambia kwamba baba amezeeka, na akageuka kwenye kazi yake.

Salwa aliyakoroga mavi kwa maji ya dawa, akayachuja, akachovya vijikaratasi vyake vya kupimia. Cha ng'ombe hakikubadilika. Cha ndama kiligeuka rangi kabla hajamaliza kukiweka chini.

"Ndiyo hii," alisema. "Ng'ombe ni safi. Dawa yetu ni safi. Ni ndama."

Adelgunda akamgeukia Celestin. "Ndama huyu umemchoma sindano."

"Hapana, Afande."

"Nani kamchoma?"

"Hakuna, Afande. Mimi sindano hata kuishika sijui. Naogopa."

"Othman alikuja hapa? Alimtuma mtu?"

"Othman namjua kwa dukani tu. Hapa hajafika."

Adelgunda aliingia kizizini mwenyewe. Alimshika ndama, akapitisha vidole shingoni na mapajani akitafuta uvimbe au nywele zilizogandamana, akarudia upande wa pili. Ndama alimlamba mkono. Ngozi yake ilikuwa laini kote. Hakuwa amechomwa.

Basi dawa haikupita kwenye ngozi. Ilipita mdomoni. Na ndama mdogo kiasi kile, asiyejua bado ladha ya majani, mdomoni hupitisha kitu kimoja tu.

"Celestin, ndama anakunywa nini?"

Celestin akamtazama mama yake.

"Mwache mwanangu," Bibi Nyirabageni alisema kutoka kizingitini. "Yeye anaamkia vibarua, hayajui ya nyumbani. Ya ndama niulize mimi."

Adelgunda akasogea, akachuchumaa mbele yake kama adabu inavyotaka. "Haya, Bibi. Anakunywa nini?"

"Mliniletea unga wa maziwa wa kopo. Ukamharisha. Ndama alikuwa anakufa, na mama yake analia pale usiku kucha, maziwa yake yanapanda gari. Nikauacha unga wenu."

"Ukampa nini badala yake?"

"Maziwa."

"Ya ng'ombe gani?"

Bibi Nyirabageni akarudi kwenye maharage yake. "Mtu akikusaidia maziwa, humpigii mbiu."

"Bibi, kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya jambo hili. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Nimesikia. Nimemwombea."

"Anahitaji zaidi ya sala."

Mikono ya kikongwe yule ilikosea, maharage mabovu yakaingia na mazima. Adelgunda akanyanyua macho, si kwa kutafuta chochote, na ndipo akaona kibuyu kilichotundikwa nyuma ya mlango. Kilikuwa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na maharage yamejaa mpaka shingoni. Mtoto yeyote wa kwao angeelewa bila kuambiwa. Chombo cha maziwa cha watu hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu, utatia punje chache, au hata majani mabichi. Kibuyu kile kilikuwa kinangoja kurudi kwa mwenyewe.

Alisimama akakitwaa. Mfuniko wake ulikuwa wa kusuka, mweusi na mweupe, na kwenye ncha umefungwa uzi mwekundu. Uzi ule uliwekwa na mama yake Adelgunda, ambaye sasa alikuwa kaburini, siku Adelgunda akiwa mdogo alipoharibu ile ncha kwa kuichezea na akachapwa kwa hilo.

Mambo yote yalimjia kwa mpigo mmoja, na aibu pamoja nayo. Chupa iliokotwa mferejini, chini ya kibanja. Mvua huteremka, na juu ya mfereji ule kulikuwa na kibanja kimoja tu. Kila jirani wa mpaka huulizwa maswali yale yale, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine. Huyu mmoja alimuuliza kwa simu, swali moja, akacheka naye, akamuuliza habari za magoti.

Hata hivyo kazi ni kazi, na swali lilibidi liulizwe.

"Bibi. Kibuyu hiki cha nani?"

Bibi Nyirabageni alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimwuma kuliko kofi.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye wa kuniuliza hivyo?"

*

Mzee Ildefonsi alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni mwa zizi, koti amelivua na kulikunja magotini. Ng'ombe wake Gaju, wa rangi ya kahawia, alikuwa amefungwa vizuri kabisa. Adelgunda alikiweka kibuyu chini katikati yao.

"Uliniambia hakuna," alisema.

"Nilikwambia."

"Ulijua."

"Nilijua." Mzee alilipapasa koti magotini. "Kiwele cha Gaju kilivimba baada tu ya ule mkutano. Kura haikuniangukia, na mimi nimeshasimama mbele ya watu nikasema anayejichomea ng'ombe anaua wajukuu zake. Niende kwa yule binti daktari nikamwombe dawa ya upendeleo? Mwenyekiti? Nikaona aibu. Nikaenda kwa Othman jioni akifunga duka."

"Akakuuzia."

"Alikataa. Akasema, Mzee, leta cheti cha daktari wa mifugo. Nikamwomba. Mtu mzima kama mimi nikamshika mkono, nikamwambia nisitiri, nisije nikachekwa. Akanipa. Akasema hatamwambia mtu."

"Na maziwa?"

"Afisa mifugo alishatufundisha, ng'ombe akichomwa, maziwa yamwagwe mpaka dawa itoke." Aliinua uso. "Nimwage maziwa, Adelgunda? Chini, kama maji ya kuogea? Mama yako angetoka kaburini. Kuyauza ni dhambi. Kumpa mtu ni hatari, hilo nililijua, sikumpa mtu. Nikasikia ndama wa Celestin anakufa kwa njaa na mama yake yupo hapo hapo. Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Sikumwaga, sikuuza, sikumnywesha mtu. Nilirudi nyumbani nafurahi, nikijiona mjanja."

"Bibi Nyirabageni alijua kama Gaju kachomwa?"

"Hapana. Alinibariki."

Adelgunda alishindwa kumtazama. Alitazama migomba iliyoteremka mpaka kwa Celestin, na akawaza kwamba hata yeye, kama angeachiwa nyumba ile na kibuyu kile, asingemwaga. Alikuwa amejua siku zote kwamba maziwa hayamwagwi, na siku zote zile za upelelezi hakukumbuka kujiuliza basi yanakwenda wapi.

"Na Othman alipokamatwa?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Stendi. Nyuma ya watu. Nilikwenda gulioni kununua chumvi. Nikaona watu wanakimbia, nikaona pingu, nikaona ni yeye. Nikataka kusema. Halafu nikaona aliyemshika mkono ni wewe." Sauti ya mzee ilipungua. "Nikasema moyoni, nikifungua mdomo, watu wataambiana binti kamwacha baba mwenye kosa kakamata mtu mwema. Nikarudi. Chumvi sikununua."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa ajili yangu."

"Kwanza kwa ajili yangu. Wewe nilikuchukua kama kisingizio."

Adelgunda alisogea kando, akampigia simu mkuu wake wa upelelezi. Alimweleza tangu ndama mpaka kibuyu, bila kuruka, na alipofika kwenye jina la mmiliki wa kibuyu alilitaja lote, jina la mzee na la ukoo. "Jalada hili sistahili kuendelea kulishika, Afande," alimalizia. Kisha mkuu akasema kwamba Othman ataonywa kwa kuuza bila cheti na ataachiwa leo leo, maelezo ya mzee atayachukua yeye mwenyewe, na Adelgunda naye ana maelezo ya kuandika.

Chini kwenye gari Daktari Salwa alisikiliza habari yote akiwa ameshika vikopo vyake. Dawa yake ilikuwa imeokoka, na ungetegemea afurahi.

"Tuliwaambia wamwage," alisema mwishowe. "Kila mkutano, mwaga, mwaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza kama wanaweza."

*

Walipofika Kayanga, Mzee Ildefonsi alimgusa dereva begani.

"Nishushe stendi."

"Baba, gari linafika mpaka mlangoni mwa kituo."

"Yeye mlimpitisha wapi?"

Adelgunda akamwashiria dereva. Gari likasimama, na yeye akashuka naye kwa sababu hakuweza kubaki ameketi. Mzee alivaa koti lake akalifunga vifungo vyote, akaanza kutembea katikati ya pikipiki na mabasi madogo. Alikuwa amejiandaa kuzomewa. Lakini nani angemzomea? Hakuna aliyejua. Walimjua tu kama mwenyekiti, mzee wa kanisa, baba wa Afande. Waendesha bodaboda walizima injini kumwamkia. Mama muuza ndizi alimvutia kiti. Kijana mmoja alitaka kumbebea kofia. Kila salamu ilimpunguza kimo, na Adelgunda aliyetembea nyuma yake aliona shingo ya baba yake ikizama ndani ya kola, hatua kwa hatua, mpaka walipofika kituoni.

Othman alikuwa mapokezi, anarudishiwa mkanda wake na simu. Shufaa alikuwa kando yake, ameshika kitambaa cha chakula ambacho hakikuguswa. Askari wa zamu walikuwepo, na wananchi wanne watano waliokuja na shida zao.

Adelgunda alisimama mbele ya Othman. Angeweza kumwita ndani, mlango ukafungwa. Alibaki pale pale.

"Bwana Othman," alisema kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia, "nilikukamata bila haki, nikakutembeza mbele za watu, na kosa la uchunguzi lilikuwa langu. Naomba unisamehe. Wewe pia, Shufaa."

Othman alivaa kofia yake kwanza. "Ulikuwa kazini, Afande," alisema.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Adelgunda alijua kwamba zile picha bado zimo kwenye simu za watu, na kwamba hakuna atakayepiga nyingine wakati yeye anaomba radhi.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Ungesema jina tu."

"Kwako?" Othman alisema. "Nikutajie wewe? Nilikaa mle ndani natafuta namna ya kumtaja baba mbele ya mwanawe. Sikuipata."

Hapo ndipo alipomwona mzee nyuma ya Adelgunda. Mzee Ildefonsi alikuwa amesimama kwenye mlango, nusu ndani nusu nje, kofia mkononi. Njia nzima alikuwa ametunga maneno ya kusema, na midomo yake ilianza kuyatafuta.

Othman alimtangulia. Alifanya kama alivyolelewa, kama alivyofanya kila mara mzee huyu alipoingia dukani kwake. Aliinama kidogo, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mzee."

Mapokezi yote yaligeuka kuwatazama. Jibu lake ni neno moja, na watu wazima hulitoa usingizini bila kuamka. Mzee Ildefonsi alifungua mdomo. Neno halikutoka. Alijaribu tena, na machozi yakamtoka mbele ya watu, asiyafute.

"Usiniamkie, Othman," alisema. "Leo usiniamkie."

Lakini Othman hakuurudisha mkono wake. Aliendelea kuinama vile vile, akisubiri aitikiwe.